SARATANI: KINGA INAANZIA GHALANI NA JIKONI



Tunapotembelea vikundi siku hizi, swali tunaloulizwa mara nyingi halihusu mbuzi wa maziwa wala mkopo. Tunaulizwa, "Huu ugonjwa wa kansa umetoka wapi, na mbona unatumaliza hivi?" Swali hili linaulizwa na watu waliochoka. Karibu kila kikundi kimewahi kuchanga harambee ya mgonjwa wa saratani. Tumeona ng'ombe wakiuzwa, kisha kipande cha shamba, kisha watoto wakirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mgonjwa akifariki, familia inabaki na huzuni na madeni pamoja. Kwa hiyo saratani ni jambo la maendeleo kama vile maji na barabara, na linafaa kuzungumzwa katika mkutano wa kikundi.

Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, yanaonyesha kwamba mwaka 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya wapatao 44,700, na zaidi ya watu 29,000 walikufa kwa ugonjwa huu. Zinazoongoza ni saratani ya matiti, ya mlango wa kizazi, ya tezi dume, na ya umio, yaani njia ya kupitishia chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Habari hizo ni nzito, lakini kuna nyingine ya kutia moyo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya saratani 100, kati ya 30 na 50 zingeweza kuzuiwa. Nyingi za njia hizo za kuzuia hazihitaji hospitali kubwa. Ziko ghalani, jikoni, na katika vitu tunavyonunua dukani. Katika makala haya tutaeleza zile ambazo kikundi cha kijijini kinaweza kuzishika, na tutakaa zaidi kwenye mahindi, kwa sababu ndicho chakula chetu cha kila siku.

SARATANI NI NINI?

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli nyingi mno, ndogo zisizoonekana kwa macho. Kila seli hukua, hugawanyika na kufa kwa utaratibu. Saratani huanza seli moja inapoharibika na kuanza kugawanyika ovyo bila kusikia amri. Baadaye zinakuwa uvimbe, na zikiachwa husambaa sehemu nyingine za mwili.

Kazi hii kwa kawaida huchukua miaka mingi, mara nyingi 10, 20 au zaidi. Ndiyo sababu mtu husema, "Mimi nimekula hivi tangu utotoni na sijaona neno." Madhara hayaonekani leo. Ni kama mchwa katika nguzo ya nyumba: kwa nje nguzo ni nzima, mpaka siku moja upepo uvume.

Saratani yenyewe haiambukizwi kwa kula pamoja, kusalimiana au kumwosha mgonjwa. Tena si laana. Mambo mengine hatuna uwezo nayo, kama vile umri na damu tuliyozaliwa nayo. Mtu anaweza kuishi kwa uangalifu mkubwa na bado akaugua. Kwa hivyo tunapozungumza juu ya kinga, tusimnyoshee mgonjwa kidole. Tunajaribu kupunguza hatari kwa wale ambao bado hawajaugua.

MAHINDI YENYE UKUNGU NA SARATANI YA INI

Mahindi na njugu karanga zikikaa na unyevu huota ukungu. Aina fulani ya ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Wengine huiita sumukuvu. Wataalamu hawana shaka tena kuhusu sumu hii: inasababisha saratani ya ini. Mtu ambaye tayari ana virusi vya homa ya ini aina ya B yuko katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu mambo hayo mawili yakikutana madhara huzidishwa mara nyingi.

Ikiwa nyingi kwa wakati mmoja, sumu hii huua upesi. Wazee wa Machakos wanaweza kukumbuka mkasa wa 1981. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mahindi yalikuwa yamevunwa yakiwa na unyevu, na familia nyingi ziliyahifadhi ndani ya nyumba. Na si mahindi ya shambani peke yake. Novemba 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa aina 5 za unga wa mahindi uliopatikana na sumu kupita kiwango.

Lakini hata pale ambapo hakuna anayeanguka, sumu kidogo kidogo kila siku kwa miaka mingi ndiyo inayoharibu ini. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Yapo mambo manne ya kujua:

1. Sumu haionekani, haina harufu wala ladha. Ukungu wa kijani au wa manjano ni dalili ya hatari, lakini mahindi yanaweza kuwa na sumu bila rangi kubadilika sana.

2. Kupika hakuimalizi. Githeri ichemke kutwa nzima, ugali usongwe mpaka uive kabisa, sumu itabaki. Kukaanga njugu na kuchachusha busaa hakuimalizi pia.

3. Kuosha na kuanika mahindi yaliyokwisha kuoza kunaondoa ukungu wa juu tu. Sumu iliyoingia ndani ya punje haitoki.

4. Ng'ombe akila mahindi hayo, sehemu ya sumu hupitia kwenye maziwa, na maziwa hayo ndiyo tunayompa mtoto. Kuku nao hudhoofika na kupunguza mayai.

Sasa tuseme ukweli juu ya jambo ambalo vikundi vingi hunyamazia. Mama ana magunia matatu, na moja limeota ukungu. Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Afanye nini? Tunajua yanayofanyika. Mengine huchanganywa na mazuri ili yapite posho mill. Mengine huuzwa sokoni kwa gorogoro kwa bei ya chini, na anayenunua ni yule mwenye shida kuliko wote. Mengine hupelekwa kwa mpika pombe. Yaliyobaki hurushiwa kuku.

Hatusemi haya kwa kulaumu. Gunia moja kwa maskini ni karo, ni dawa, ni chakula cha mwezi. Lakini sumu iliyouzwa haijapotea, imehamia kwa jirani. Na mahindi mabaya yakichanganywa na mazuri, hayo mazuri nayo yameharibika. Mahindi yaliyooza yazikwe katika shimo refu, mbali na kisima. Yakiwa mengi, mwite afisa wa kilimo awashauri. Na kwa kuwa hasara hiyo ni nzito kwa mtu mmoja, kikundi kinaweza kuamua kuibeba pamoja. Tutarudi kwa jambo hilo mbele.

Mahindi yasiharibike tangu mwanzo

Vuna kwa wakati. Yakisha kukauka shambani yasiachwe yakanyeshewa. Mahindi yaliyoangukia udongo yawekwe kando.

Usianike juu ya ardhi tupu. Ukungu huishi kwenye udongo. Tumia turubai, mkeka au kitanda cha miti kilichoinuliwa. Jioni yafunikwe au yaingizwe ndani, kwa sababu umande wa usiku hurudisha unyevu wa mchana wote.

Usipukuchue kwa kupiga gunia kwa rungu. Punje zinapasuka, na punje iliyopasuka ni mlango wa ukungu. Pukuchua kwa mkono au kwa mashine iliyotengenezwa vizuri.

Chagua kabla ya kuhifadhi na kabla ya kusaga. Ondoa punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Kuchagua peke yake hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Ndugu zetu Wakamba wanaokoboa mahindi kupata muthokoi wanapata faida nyingine hapo, kwa maana sehemu kubwa ya sumu iko kwenye ganda la nje na kiini. Lakini pumba hizo wasipewe mifugo kama mahindi yalikuwa na shaka.

Pima ukavu. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kuna kipimo cha mashine ambacho kikundi kinaweza kununua. Asiye nacho atumie chupa na chumvi. Chukua chupa safi iliyokauka kabisa, jaza mahindi hadi thuluthi moja, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika mbili au tatu, kisha iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Isiposhika, unyevu uko chini ya asilimia 15. Hapo ongeza siku moja au mbili za jua kali kabla ya kuweka ghalani.

Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali penye hewa. Iko pia mifuko maalum isiyopitisha hewa. Ukiifunga sawasawa, dumuzi hufa kwa kukosa hewa na hakuna haja ya kutia dawa. Lakini sikilizeni vizuri: mahindi yenye unyevu yakifungiwa humo yataoza. Mfuko haukaushi.

Katika sehemu zenye shida kubwa, kuna pia dawa ya shambani iitwayo Aflasafe. Hii ni ukungu wa jamii ile ile, ila hautoi sumu. Hunyunyizwa kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, nao hushika nafasi ya ule ukungu mbaya. Muulize afisa wa kilimo kama inafaa kwenu.

Mwisho juu ya mahindi: uji wa mtoto. Akina mama wengi huchanganya unga wa mahindi na njugu ili mtoto anenepe. Nia ni nzuri, lakini vyakula hivyo viwili ndivyo vinavyoshikwa sana na sumu hii, na mtoto ni mdogo. Kwa uji wa mtoto tumia nafaka iliyochaguliwa punje kwa punje. Kwa familia nzima, tubadilishe chakula. Siku nyingine viazi vitamu, nduma au ndizi. Anayekula mahindi asubuhi, mchana na jioni ndiye anayepokea sumu nyingi yakiharibika.

KIKOMBE CHA CHAI

Saratani ya umio inasumbua sana upande wa Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya. Madaktari wa hospitali ya Tenwek kule Bomet wameandika kwa miaka mingi juu ya wagonjwa wao, na kati yao wapo vijana ambao hawajafika miaka 30. Sababu zote bado zinachunguzwa. Lakini sababu moja inayoshukiwa sana iko mikononi mwetu kila asubuhi.

Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba kunywa vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65 za sentigredi, huenda kunasababisha saratani ya umio. Wanasema "huenda" kwa sababu ushahidi ni wa kutosha kutuonya, ingawa haujakamilika. Angalia vizuri: waliyemkamata ni ule moto, si majani ya chai. Umio unaounguzwa kidogo kila siku hauponi vizuri, na seli zake hulazimika kujitengeneza upya tena na tena.

Mtu atasema, "Chai ikipoa mgeni ataona nimemdharau." Kweli, kwetu chai ya moto ni heshima. Lakini hatusemi mgeni apewe chai baridi. Tunasema ingoje kidogo. Chai ya thermos inaweza kubaki na moto mkali kwa masaa mengi, kwa hivyo imiminwe kwenye kikombe na ikae dakika kadhaa mkiendelea na salamu. Au acha maziwa kidogo yaliyochemshwa na kupoa, uongeze mwishoni. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: kama huwezi kuinywa bila kuipuliza au kuifyonza kwa sauti, bado. Uji wa mtoto vivyo hivyo.

MOSHI WA JIKONI

Akina mama hukaa kwenye moshi masaa mengi kila siku, na mtoto yuko mgongoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wengi wao kwa nimonia, kiharusi, magonjwa ya moyo na ya mapafu. Kuhusu saratani, moshi wa makaa ya mawe umethibitishwa kuwa unaleta saratani ya mapafu, na moshi wa kuni umewekwa katika kundi la vile vinavyoshukiwa sana.

Anayeweza gesi, hata kwa kazi ndogo ndogo kama chai ya asubuhi, amepunguza moshi. Asiyeweza, asikate tamaa. Kuni zikauke kabla ya kuwashwa. Jikoni pawe na dirisha na nafasi kati ya ukuta na paa. Jiko la udongo linalookoa kuni, lile ambalo vikundi vingi vya akina mama vimejifunza kujenga, hutumia kuni chache, na likiwekwa bomba la kutolea moshi ni bora zaidi. Mtoto mdogo asikae karibu na moto. Jiko la makaa lisiachwe likiwaka chumbani usiku, maana hewa yake huua usiku huo huo.

Na tuache kuwasha moto kwa karatasi za nailoni, chupa za plastiki au vipande vya tairi. Moshi wake una sumu kali, baadhi yake zinajulikana kuleta saratani. Tumia vijiti vikavu na magunzi.

TUMBAKU NA POMBE

Hapa hatutasema mengi, kwa sababu wote tumeshasikia. Tumbaku ndiyo sababu kubwa kuliko zote duniani ya saratani inayoweza kuzuiwa. Inaleta saratani ya mapafu, mdomo, koo, umio, kibofu na nyinginezo. Ugoro na tumbaku ya kutafuna zimo pia, ingawa wazee wetu wengi huamini kwamba ubaya uko kwenye moshi tu. Anayekaa na mvutaji nyumbani anavuta pamoja naye. Sheria ya Kenya ya 2007 inakataza kumuuzia sigara mtoto aliye chini ya miaka 18, na inakataza kuuza sigara moja moja. Wenye vibanda katika vikundi vyetu, mmesikia.

Pombe iliwekwa katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani tangu 1988. Ni pombe yoyote: bia, divai, busaa, chang'aa. Hupita mdomoni, kooni, kwenye umio, hadi kwenye ini, na huongeza pia hatari ya saratani ya matiti. Kadiri mtu anavyokunywa ndivyo hatari inavyopanda, na akivuta na kunywa pamoja, madhara huongezeana. Anayeacha leo, hata akiwa mzee, amepata faida.

VITU TUNAVYONUNUA NA KUTUMIA TENA

Mitungi ya dawa za shamba. Mtungi wa plastiki ulio imara ni mali, hivyo wengi huuosha na kuuweka maji au mafuta ya taa. Usifanye hivyo. Dawa huingia ndani ya plastiki na sabuni haiitoi. Baadhi ya dawa za wadudu zimethibitishwa au zinashukiwa kuleta saratani. Lindane, kwa mfano, ambayo zamani ilitumika sana, ilithibitishwa mwaka 2015. Ukimaliza dawa, suuza mtungi mara tatu, maji hayo yamimine kwenye pampu unyunyizie shambani, kisha utoboe mtungi asiutumie mtu. Anayenyunyiza avae buti, glavu na kitambaa cha uso, aoge, na nguo zake zifuliwe peke yake.

Paa za asbesto. Shule na nyumba nyingi za zamani ziliezekwa kwa mabati ya saruji ya asbesto. Vumbi lake likivutwa hubaki kwenye mapafu na huleta saratani baada ya miaka mingi. Paa zima lisiloguswa lina hatari ndogo. Hatari ni kulivunja, kulikata kwa msumeno, au kuchukua vipande kutengeneza banda la kuku. Kama kamati ya shule inataka kulibadilisha, iwaone kwanza watu wa mazingira, NEMA, ili kazi ifanywe na wenye kibali.

Mafuta ya kung'arisha ngozi. Mengi ya yale yaliyopigwa marufuku yana zebaki, ambayo huharibu figo na ngozi. Pesa hiyo inunue mboga. Na ndugu zetu wenye ualbino, jua kwao ni hatari kubwa ya saratani ya ngozi. Wavae kofia pana na mikono mirefu, na waulize ofisi ya watu wenye ulemavu katika kaunti juu ya mafuta ya kujikinga na jua.

CHANJO NA KUPIMWA

Saratani ya mlango wa kizazi karibu yote hutokana na virusi viitwavyo HPV. Tangu Oktoba 2019 serikali inatoa chanjo bila malipo kwa wasichana kuanzia miaka 10. Muulizeni mhudumu wa afya ya jamii ni lini na wapi. Chanjo ya homa ya ini aina ya B nayo imo katika chanjo za watoto wachanga tangu 2001, kwa hiyo usikose kliniki hata moja. Mtu mzima aliyezaliwa kabla ya hapo anaweza kuomba kupimwa.

Akina mama wa miaka 25 hadi 49 wapimwe mlango wa kizazi. Njia mojawapo ni kupaka siki, na jibu hupatikana papo hapo. Mwenye virusi vya ukimwi aende mapema na mara kwa mara zaidi. Tatizo likipatikana mapema linatibiwa kabla halijawa saratani. Hapa tunawaomba wanaume: usimwulize mkeo kwa ukali alikuwa wapi asubuhi yote. Mpe nauli.

USIAMINI KILA UVUMI

Tumeulizwa kama simu mfukoni, sidiria au manukato ya kwapani yanaleta kansa. Hakuna ushahidi mzuri wa kuonyesha hivyo. Tumeonyeshwa pia chupa za dawa zinazodaiwa kusafisha mwili na kuponya saratani zote. Ziogopeni hizo. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa kwa sababu walitumia miezi na pesa kwenye chupa kama hizo. Mboga zetu, managu, terere, kunde na sukuma wiki, pamoja na matunda, kazi ya mwili na kuepuka unene wa kupita kiasi, husaidia kupunguza hatari. Mama anayenyonyesha hujipunguzia hatari ya saratani ya matiti. Lakini vitu hivyo ni kinga. Aliyekwisha kuugua anahitaji daktari.

Nenda hospitali bila kungoja ukiona haya: chakula kukwama wakati wa kumeza, uvimbe kwenye titi au popote, kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, damu kwenye choo au mkojo, kidonda kisichopona, kikohozi cha wiki nyingi, kukonda bila sababu. Mara nyingi haitakuwa saratani. Lakini daktari ndiye wa kusema.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Haba na haba hujaza kibaba. Tuchukue mfano. Kikundi cha watu 20, kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa wiki, kwa wiki 12 kitakuwa na shilingi 12,000. Hesabuni bei za kwenu, kisha mpange kwa utaratibu huu:

Kwanza, nunueni maturubai ya kuanikia, yatumike kwa zamu wakati wa mavuno. Andikeni zamu mapema, msije mkagombana mvua ikitishia.

Pili, nunueni kipimo cha unyevu kimoja cha kikundi, au mkubaliane wote kutumia chupa na chumvi. Asiuzwe wala asihifadhi mtu kabla ya kupimiwa.

Tatu, anzisheni akiba ndogo ya nafaka. Mwanachama ambaye mahindi yake yameharibika na akakubali kuyazika mbele ya wawili watatu, apewe debe kadhaa kutoka akiba hiyo, arudishe mavuno yajayo. Hivyo ndivyo hasara ya mmoja inavyobebwa na wengi, naye hana haja ya kumuuzia jirani sumu.

Nne, tengeni siku moja akina mama waende kupimwa pamoja. Anayeogopa kwenda peke yake haogopi akiwa na wenzake kumi.

Ukilinganisha na harambee moja ya mgonjwa, gharama ya mambo haya ni ndogo sana.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Msimu uliopita, mahindi yaliyoharibika hapa kwetu yalikwenda wapi? Tujibu kwa ukweli.

2. Ni nani kati yetu anaanika juu ya ardhi kwa kukosa turubai? Tumsaidie vipi kabla ya mavuno yajayo?

3. Katika nyumba zetu kuna mitungi mingapi ya dawa inayotumika kwa maji? Ni lini tutaitoboa?

4. Ni jambo gani moja tutakaloanza mwezi huu, nani atalisimamia, na atatuletea habari siku gani?

Majibu ya swali la nne yaandikwe kwenye kitabu cha kikundi na kusomwa katika mkutano unaofuata.